Malkia Victoria aliondoka barabarani, akabaki ziwani

Basi la usiku linalotoka Migori hupitia Rongo, ambako barabara ya Homa Bay huungana na ile kuu, likapanda Kisii, likakata Narok na Mai Mahiu, na kabla jua halijachomoza sawasawa huwa limeingia Nairobi. Abiria hushuka wakinyoosha miguu, mmoja na furushi la omena begani, mwingine na mtoto mgongoni. Mgeni akiuliza njia, makanga humwonyesha kwa kidevu: "Mzee, fuata hii moja kwa moja, ukifika Tomboya uliza tena."

Lisikilize vizuri hilo jina. Makanga hasemi Tom, akatua, kisha Mboya. Ile m ya mwisho wa jina la kwanza imemezwa na mb ya jina la pili, na majina mawili ya mtu yamekuwa jina moja la mahali. Ndivyo lugha ilivyo. Jina linalotumika kutwa kucha hupungua kama kisu kinachonolewa kila siku. Mzee wetu ataifuata njia, ataiona Tomboya, na huenda asikumbuke hata kidogo kwamba jina hilo limetoka kulekule alikotoka yeye, kwenye kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay.

Juma hili nataka tuitembee barabara hiyo tukiwa na swali dogo mkononi. Tunaposema "Barabara ya Tom Mboya", hiyo "ya" inafanya kazi gani?

Wanafunzi wa sarufi wanaijua kama -a unganifu, na wanajua kwamba ina kazi nyingi. Nyumba ya Atieno ni umiliki. Kiti cha mbao ni kitu na kilichokitengeneza. Maji ya kunywa ni matumizi. Mtu wa Migori ni asili. Tukisema mji wa Homa Bay, "wa" haionyeshi umiliki wala asili; inatambulisha tu, kwamba mji wenyewe ndio Homa Bay. (Na kwa wale wanaotania jina hilo, tukumbushane kwamba halihusiani na homa ya mwili. Linatokana na Mlima Homa ulio juu ya ghuba.) Kiingereza kikitaka kuiita barabara kwa jina la mtu hupanga maneno sako kwa bako na kuondoka zake. Kiswahili hakikubali kirahisi hivyo. Kinadai kiungo, na kiungo kinadai maelezo. Mji unaweza kuwa Homa Bay, lakini barabara haiwezi kuwa mtu. Kwa hiyo "ya" inatuambia kuna uhusiano kati ya barabara hii na Tom Mboya. Uhusiano gani? Aliijenga? Aliinunua? Aliishi hapo?

Sasa linganisha na jina la maji yanayoizunguka Rusinga. Kwa kawaida husemi Ziwa la Viktoria. Unasema Ziwa Viktoria, bila kiungo, kama unavyosema Mlima Kenya au Mto Migori. Malkia wa Uingereza amebandikwa kwenye ziwa hilo kama stempu kwenye bahasha, na Kiswahili hakikuhangaika kueleza anahusiana nalo kwa namna gani. Na kweli, hakuhusiana nalo. Hakuliona maishani. Mwingereza John Hanning Speke ndiye aliyefika ukingo wake wa kusini, upande wa Mwanza, Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake. Maji yenyewe yalikuwa na majina tayari. Waganda waliyaita Nalubaale. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliotoka pwani waliyajua kwa jina la Ukerewe. Wajaluo waliyaita, na wanayaita mpaka leo, Nam Lolwe.

Naleta habari ya Victoria kwa sababu yeye na Mboya wamekutana mara mbili. Barabara tunayotaka kuitembea ilikuwa ikiitwa Victoria Street wakati wa ukoloni. Baada ya Mboya kuuawa mwaka 1969, jina la malkia liliondolewa na la mwana wa Rusinga likawekwa. Jijini, basi, Victoria alimpisha Mboya. Kule nyumbani mambo ni kinyume: Mboya amelala kaburini katikati ya Victoria, kwenye kisiwa kilichozungukwa na maji yenye jina la malkia huyohuyo.

Tuanze kutembea. Barabara inaanzia kusini, inapokutana na ile ya Haile Selassie, penye jengo refu la Afya Centre. Kituo cha reli, kilichouzaa mji wa Nairobi, hakiko mbali. Hatua chache upande wa magharibi, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, ndipo uliposimama ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao Wakenya waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Leo pana bustani ya kumbukumbu.

Ukigeuka kuelekea kaskazini, Moi Avenue inakwenda sambamba nawe upande wa kushoto. Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa Government Road. Wenyeji wa jiji huichukulia kuwa mpaka: magharibi yake ni mji wa maofisi, mahoteli na benki, mashariki yake ni mji wa River Road, wa maduka madogo, magari ya abiria, vyakula vya bei ya chini na vyumba vya kulala wasafiri. Barabara ya Tom Mboya ni ya kwanza ukishavuka mpaka huo. Iko mlangoni mwa mji wa watu wa kawaida.

Mbele kidogo unaifikia njia panda ya Ronald Ngala. Hapa historia imefanya mzaha wake. Ngala, mwana wa Pwani, alikuwa kiongozi wa chama cha KADU. Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyama hivyo vilivutana vikali, mpaka London kwenye mikutano ya Lancaster House, juu ya neno moja la Kiswahili: majimbo. KADU walitaka mikoa iwe na mamlaka yake. KANU walitaka serikali moja yenye nguvu. Leo wapinzani hao wawili wanakutana kila siku kwenye makutano ya barabara, matatu za huyu zikiziba njia ya matatu za yule. Na ukitembea kidogo upande wa mashariki, katika mtaa huohuo wa stendi na maduka, utakutana na Mfangano Street. Mfangano ni kisiwa jirani ya Rusinga. Ziwa zima, inaelekea, limehamia mjini.

Eneo hili la makutano linajulikana kwa jina la Old Nation. Hapo ndipo palipokuwa na jumba la Nation, kundi la magazeti lililoanza kutoa Daily Nation mwaka 1960, kabla ya kuhamia jengo lake jipya la Kimathi Street. Gazeti limeondoka miaka mingi iliyopita, lakini mwite dereva yeyote wa matatu umwambie akushushe Old Nation, hatakuuliza maswali.

Mbele tena, barabara inapita nyuma ya jengo la Nyaraka za Kitaifa. Jengo hilo la mawe lenye nguzo zilizojipanga lilikuwa la benki, National Bank of India, enzi ambazo biashara ya Afrika Mashariki ilipitia mikononi mwa watu waliovuka Bahari ya Hindi. Idara ya nyaraka yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Ndani mna barua, ripoti za ma-DC na kumbukumbu za mahakama, pamoja na mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais. Mtafiti anayetaka kujua namna South Nyanza ilivyotawaliwa, wilaya kubwa ya zamani iliyozaa kaunti za Homa Bay na Migori za leo, atalazimika kufika hapa. Kwa hiyo historia yetu ya kule ziwani imehifadhiwa mita chache kutoka Barabara ya Tom Mboya. Watu wengi zaidi, hata hivyo, huja hapa kwa sababu nyingine. "Tupatane Archives" ni miadi inayoeleweka na kila mtu Nairobi. Wapenzi, wadeni na wadai, mgeni na mwenyeji wake, wote hupatana Archives, na wachache sana kati yao wamewahi kuingia ndani.

Kando yake ipo hoteli ya Ambassadeur, ambayo bango lake ni la Kifaransa na matamshi yake ni ya Kiingereza. Ng'ambo ya Moi Avenue linasimama lile jengo la mviringo la Hilton, hoteli iliyofungwa mwisho wa mwaka 2022. Hoteli imefungwa, jina bado linafanya kazi. Endelea kaskazini. Barabara ya Accra inaingia kutoka upande wa River Road. Eneo lake maarufu ni Tea Room. Kipo pia Kituo cha Zimamoto cha jiji, ambacho nacho kimekuwa jina la mahali. Kisha Latema Road, inayobeba jina la kilima cha karibu na Taveta ambako majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipigana Machi 1916. Kwenye kona yake palikuwa na sinema ya Odeon. Safari inaishia penye msikiti wa Khoja, nyumba ya ibada ya Waismaili iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambayo saa na mawe yake ya kijivu vingali vinaangalia magari yanayogombania mzunguko.

Umeona kinachotokea? Afya Centre, Old Nation, Archives, Ambassadeur, Odeon, Khoja. Barabara ina jina moja rasmi, lakini watu wameikatakata vipande, na kila kipande kina jina lake. Hili si jambo geni kwa Waswahili. Katika miji ya kale ya pwani, jina lilipewa mtaa, yaani sehemu ya mji na watu wake, wala si mstari wa njia. Lamu ina Mkomani na Langoni. Ukiulizwa unakaa wapi, ulitaja mtaa, na kutoka hapo uliuliza nyumba kwa jina la mwenyewe. Desturi ya kuipa kila njia jina la mtu mkubwa na kulichora kwenye kibao ni ya wageni. Wakenya wameipokea kwenye ramani, lakini midomoni wamebaki na desturi ya zamani. Hata neno lenyewe linatupa taabu: kwa street wengine husema barabara, wengine mtaa. Ukisema Mtaa wa Tom Mboya umetaja watu wanaopatikana hapo. Ukisema Barabara ya Tom Mboya umetaja lami.

Majina haya ya vituo yana tabia nyingine. Yanaishi kuliko vitu vyenyewe. Nation haipo Old Nation. Odeon si sinema tena. Kijana wa miaka 18 anayeshuka Odeon hajui, wala hahitaji kujua, kwamba watu waliwahi kupanga foleni hapo kutazama filamu. Jina limebaki ganda. Si kosa; ndivyo lugha inavyorahisisha maisha. Lakini kuna hatari jina la mtu nalo likafanyiwa hivyohivyo, na hapo ndipo ile "ya" yetu inaporudi kudai jibu lake.

Basi tujibu. Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 karibu na Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge ambako baba yake, mtu wa Rusinga, alikuwa amekwenda kufanya kazi. Watu wa Rusinga kwa asili wengi wao ni Wasuba, na Kisuba ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kiswahili, ambayo kizazi baada ya kizazi imekipisha Kijaluo. Huyu basi ni mtoto aliyezaliwa kwenye njia panda ya lugha. Nyumbani ni Kijaluo, kambini mwa wafanyakazi kuna kila kabila, na lugha ya kuelewana ni Kiswahili. Alianza kusoma Kabaa, Ukambani, akaenda St Mary's Yala, kisha Mang'u. Karo ilipokuwa taabu, alichagua mafunzo yaliyokuwa na posho: ya ukaguzi wa afya na usafi, jijini Nairobi.

Hapo ndipo uhusiano wake na barabara za jiji hili unapoanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa na Baraza la Jiji kuwa mkaguzi wa afya. Mkaguzi Mwafrika alilipwa chini ya Mzungu aliyefanya kazi ileile. Katika kitabu chake Freedom and After, kilichotoka mwaka 1963, anasimulia siku aliyokuwa peke yake maabara, akaingia mwanamke Mzungu aliyeleta maziwa yapimwe. Mwanamke alimtazama Mboya, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mtu alikuwa amesimama mbele yake.

Kutokana na kazi hiyo aliingia katika vyama vya wafanyakazi. Alisaidia kuunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, vyama vya siasa vya Waafrika vikapigwa marufuku, na Aprili 1954 operesheni iliyoitwa Anvil ikawakusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru jijini na kuwapeleka kizuizini. Katika miaka hiyo chama cha wafanyakazi kilikuwa mojawapo ya midomo michache iliyobaki wazi. Mwaka 1955 alikwenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford. Aliporudi aliingia uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambapo Waafrika walichagua wajumbe wao wenyewe wa Baraza la Kutunga Sheria, akashinda kiti cha Nairobi. Alikuwa na miaka 26. Zingatia kiti chenyewe: alichaguliwa na jiji, na watu wa makabila mengi, wala si na watu wa kwao ziwani.

Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima uliofanyika Accra, Ghana. Ndiyo maana nikifika pale Barabara ya Accra inapoingia Tom Mboya huwa nasimama kidogo. Sijui kama waliozipa majina walikusudia, lakini kama walibahatisha, walibahatisha vizuri. Mwaka uliofuata, Septemba 1959, ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma vyuo vya Marekani. Mboya ndiye aliyezunguka kule kutafuta nafasi na fedha. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na miongoni mwa waliokwenda mwaka huo alikuwemo Wangari Maathai. Baada ya uhuru Mboya alikuwa waziri, mwishowe wa mipango na maendeleo ya uchumi.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba hivi za mchana, alitoka katika duka la dawa la Chhani, Government Road, akapigwa risasi. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Miongoni mwa waliotoa ushahidi mahakamani baadaye alikuwemo Barack Obama, baba wa rais wa Marekani, ambaye ukoo wake ni wa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, katika kaunti hiyohiyo ya Homa Bay. Alikuwa ameongea na Mboya muda mfupi tu kabla ya kifo. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia, akahukumiwa kunyongwa. Inakumbukwa kwamba aliwauliza waliomkamata kwa nini hawamwendei yule mkubwa. Huyo mkubwa hakutajwa, na tangu hapo swali hilo limekaa katika siasa za Kenya kama mwiba mguuni. Wakati wa misa ya wafu jijini, waombolezaji walipambana na polisi, na mabomu ya machozi yakafika hadi mlangoni mwa kanisa. Kisha msafara ukaelekea magharibi, mpaka Rusinga.

Sasa angalia walichofanya wenye kutoa majina. Mboya hakufia katika barabara inayoitwa kwa jina lake. Alifia katika ile iliyo sambamba nayo. Government Road haikupewa jina lake. Iliendelea kuwa Government Road mpaka Moi alipokuwa Rais, ikaitwa Moi Avenue. Mboya alipewa Victoria Street, upande wa pili, upande wa River Road. Mtu anaweza kusema alisogezwa pembeni, mahali alipomwagikia damu paachwe bila jina lake. Na hilo tusilipuuze, kwa sababu jina lingekaa Government Road kila anayepita angeulizwa na kibao: huyu alifanywa nini hapa? Ilichukua miaka 42 kabla hajarudishwa. Oktoba 2011 sanamu yake ilizinduliwa Moi Avenue, mbele ya Nyaraka za Kitaifa, hatua chache kutoka alipoangukia. Sasa amesimama kati ya barabara mbili, ya kifo chake na ya jina lake.

Lakini tukiichukulia "ya" kwa uzito wake wa Kiswahili, naona upande wa River Road unamfaa zaidi. Hii ni barabara ya makarani, makanga, wauzaji wa duka, wapishi na wasafiri wa usiku. Ni watu wa aina ileile aliowapangia vyama vya wafanyakazi, na ndio waliompigia kura mwaka 1957. "Ya" hapa si ya umiliki. Hakuijenga wala hakuinunua. Ni "ya" kama ile ya mtu wa watu: barabara inayofanana naye. Victoria hangeweza kupata "ya" ya namna hiyo kwa barabara hii, kama asivyopata "la" kwa ziwa letu.

Kule Rusinga kumbukumbu imechukua sura nyingine. Alipozikwa, kisiwa kilikuwa bado kimetengwa na nchi kavu; tuta la kukiunganisha na Mbita lilijengwa miaka ya 1980, na baadaye daraja likachukua nafasi yake ili maji yapite. Kaburi limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Ndani mna picha zake na vitu alivyotumia. Waliolijenga hawakutaka mgeni atoke bila kujua alivyokufa. Mjini Homa Bay kipo Chuo Kikuu cha Tom Mboya, na Kisumu kuna chuo cha wafanyakazi chenye jina lake. Kwa hiyo jina halina upungufu wa vibao.

Kinachopungua ni kile alichokikosa yule mwanamke wa maabara. Aliangalia mahali palipo na mtu akaona patupu. Sisi tunafanya vilevile tukiwa na kisingizio kizuri zaidi. Tunalisikia jina lake mara kumi kabla ya saa nne asubuhi, kwenye matatu, kwenye simu, kwenye maelekezo ya mahali pa kuchukua mzigo, na hatumwoni mtu. Tomboya imekuwa kama Odeon. Jiji halijachelewa. Kibao kidogo cha Kiswahili pale inapokutana na Accra, chenye mistari mitatu ya kueleza ni nani na kwa nini hapa, hakingegharimu kikubwa. Walimu wa Migori na Homa Bay wanaoleta wanafunzi Nairobi kwa ziara, wakawaonyesha Bunge na wanyama, wangeweza kuwapitisha hapa kwa nusu saa, kuanzia Afya Centre mpaka Khoja.

Na ziwa? Wapo wanaopendekeza Victoria aondoke huko pia. Mataifa matatu yanaligawana, kila moja na majina yake, na sidhani watapatana karibuni. Ghuba yetu ilikwisha kubadilishwa: iliyokuwa ya Kavirondo sasa ni ya Winam, yaani kichwa cha ziwa kwa Kijaluo. Mimi sina haraka na malkia. Kiswahili kimekwisha kumtendea haki yake kwa kumnyima kiungo. Nina haraka na huyu aliyepewa.

Basi ukishuka kesho alfajiri kutoka Migori, na makanga akuambie ufuate njia mpaka Tomboya, itikia tu, njia ni hiyohiyo. Ila kwako moyoni litamke kwa majina mawili, na utue katikati.